Vitabu Vilivyohama Ukuta wa Falsafa

Ukitaka Mama Rafu akusamehe, mcheleweshee kitabu, msinzilie mezani, hata ubishane naye kaunta mbele za watu. Atanuna kidogo, kisha yataisha. Lakini toa kitabu kwenye rafu moja ukakichomeke kwenye nyingine, hapo ndipo utamjua ni nani. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Mwanzoni alijifanya halisikii, baadaye akalizoea, na mwishowe hata mumewe nyumbani akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza.

Alikuwa mkutubi wa chuo kikuu, msimamizi wa ghorofa ya pili. Kazi aliianza miaka mingi nyuma akiwa msichana wa kupanga vitabu, akapanda pole pole mpaka akapewa ghorofa nzima. Na katika ghorofa ile palikuwa na ukuta mmoja ambao hakuna aliyethubutu kusema si wake, nao ni ukuta wa falsafa.

Alipokabidhiwa, haukuwa ukuta. Ilikuwa rafu moja na nusu, na hiyo nusu mchwa walikuwa wameshaisoma kabla ya wanafunzi. Mkutubi mkuu alimwambia ajenge mkusanyo wa falsafa wa kuwatosha wanafunzi na wahadhiri, akaondoka zake kama mtu aliyemwagiza mtoto chumvi dukani. Falsafa yenyewe Mama Rafu alikuwa haijui, wala hakuona haya kusema hivyo. Alichukua kalamu akawaendea wahadhiri watatu wa idara, mmoja mmoja, akawauliza ni vitabu gani hawawezi kufundisha bila kuwa navyo. Walipomaliza kutaja, aliwauliza swali la pili.

"Sasa nitajie kinachokuudhi."

Mhadhiri wa kwanza alicheka. Wa pili alikataa kabisa, akasema fedha za serikali haziwezi kutumika kwa upuuzi. Wa tatu, mkuu wa idara, aliomba karatasi ya ziada. Huyu wanafunzi walimwita Daktari Kwa Nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza swali akaondoka bila kuulizwa lingine. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye koti lililovutika mifuko kwa kubebeshwa vitabu. Mama Rafu alitafuta vya pande zote, na kila kitabu akakiweka jirani na kile kinachokibishia, ili mwanafunzi akinyoosha mkono apate ugomvi mzima kwa pamoja.

Vingine vilinunuliwa, lakini vingi aliviomba. Kuna mjane aliyemfungulia chumba cha marehemu mumewe, chumba ambacho hakikuwa kimefunguliwa tangu mazishi, akamwambia achukue vyote kabla hajabadili mawazo. Kuna daktari wa meno, mstaafu, aliyeleta vitabu vyake kila Ijumaa kimoja kimoja ndani ya kikapu, maana kuachana navyo vyote siku moja kungemshinda. Mama Rafu alivipokea, akavifuta, akavitia gundi migongo iliyolegea, akavibandika namba. Kila asubuhi alipopitisha kitambaa kwenye ule ukuta aliwashukuru wenyewe kimoyomoyo. Asante, mama. Asante, daktari wa meno. Moyo wake ulijaa, na hakuona sababu ya kuuficha.

Kwa kuwa kila kitabu cha ukuta ule kilikuwa kimoja tu, sheria ilikuwa kusomea ndani. Hakuna kuazima. Juu ya kila meza ya ghorofa ya pili alibandika tangazo kwa herufi kubwa: RUDISHA KITABU ULIPOKITOA. Na wanafunzi, kwa kumwogopa, walirudisha.

Basi siku moja ikaja habari kwamba wizara inapunguza idara ndogo. Falsafa ilikuwa kwenye orodha. Mkaguzi angekuja kuangalia, na asiporidhika, shahada ingefungwa na vitabu vyote vingepakiwa kupelekwa chuo kikubwa zaidi, ambako tayari vipo vya kuzidi. Mkutubi mkuu alimwita Mama Rafu ofisini.

"Hesabu ukuta wako," alimwambia. "Akija akute kila kilichoandikwa kwenye katalogi kipo mahali pake. Hiyo ndiyo silaha tuliyo nayo."

Mama Rafu alitoka pale akitabasamu. Silaha hiyo si ndiyo kazi yake? Alianza kuhesabu Jumatatu asubuhi, na kufikia mchana tabasamu lilikuwa limekauka. Vitabu zaidi ya sitini havikuwepo. Rafu hazikuonyesha mapengo, kwa kuwa kila kilipotoka kimoja jirani zake walikuwa wamesogezwa kwa ustadi, wakatanuka, pakaonekana pamejaa. Cha mjane, kile chenye jalada la kitambaa, hakipo. Viwili vya daktari wa meno havipo. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima na sketi yake ya kazini, akashika tama.

Alichofikiria kwanza ni wizi. Alichofikiria pili kilimuuma zaidi: atawaambia nini wenyewe?

Jioni mumewe, fundi wa redio, alimkuta anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Nani kafa?"

"Vitabu vimepotea."

"Waume wenzangu hao," alisema mumewe, maana ndivyo alivyoviita. "Wametoroka wenyewe. Umewabana mno."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alimtazama tu, na mumewe akaona heri anyamaze akamtilie sukari.

Kesho yake, alipokuwa anapita kwenye vitabu vya mifugo akiwa na mawazo yake, jicho lake lilinasa kitu. Katikati ya magonjwa ya ng'ombe na malisho ya mbuzi kilikuwa kimekaa kile cha jalada la kitambaa, cha mjane, kitabu kinachouliza kama mnyama ana haki zake. Alikitoa akakikumbatia. Machozi yalimlenga, halafu damu ikamchemka. Kumbe ni ule mchezo wa wanafunzi. Mitihani ikikaribia, mjanja mmoja hukificha kitabu mahali ambapo wenzake hawatakitafuta, akawa anakisoma peke yake kama mali ya babake.

Kwa hiyo havikuibwa. Vilikuwa humo humo ndani, lakini maktaba ilikuwa na ghorofa nne, na mkaguzi anakuja Alhamisi.

Daktari Kwa Nini aliposikia alikuja mbio, akavua koti, akasema atasaidia kutafuta. Mama Rafu alimshukuru kwa moyo wote. Mkuu wa idara mzima kupanda ngazi za maktaba, wangapi wangefanya hivyo? Mama Rafu akachukua rafu za uhandisi, Daktari akasema basi yeye ataanza na hali ya hewa. Mama Rafu alikuwa hajamaliza hata safu moja alipomwona anarudi na kitabu mkononi, kile kinachohoji tofauti ya kujua na kudhani.

"Una bahati," alimwambia.

Daktari akaenda uhasibu, akarudi na kinachozungumzia uongo. Akapanda ghorofa ya tatu kwenye sheria, akashuka na viwili. Hapo Mama Rafu aliacha kutafuta akamfuata nyuma, taratibu, kwa viatu vyake vya raba. Alimwona anaingia kwenye vitabu vya uuguzi. Hakusoma migongo, hakuinama, hakupapasa. Alinyoosha mkono moja kwa moja hadi rafu ya nne, akatoa kitabu kuhusu kifo.

"Daktari."

Aligeuka. Uso ulimshuka.

"Ni wewe," alisema Mama Rafu.

"Ni mimi."

"Vyote?"

"Vyote. Kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa. Nilitaka wakutane navyo, mama. Wanafunzi wa fani nyingine hawaji kwenye ule ukuta wetu. Wanapita mbali kana kwamba kuna mbwa mkali."

"Wakutane navyo?" Sauti ya Mama Rafu ilipanda mpaka wanafunzi wawili wa uuguzi wakainua vichwa. "Vibao viko! Katalogi ipo! Mimi nimewaomba watu vitabu vya marehemu wao kwa magoti, wewe unavitawanya kama karanga? Mkaguzi anakuja keshokutwa kuniuliza viko wapi, nimwambie vimekwenda kukutana na watu?"

Daktari Kwa Nini, ambaye hakuwahi kukosa swali, safari hii hakuwa nalo. Aliinamisha kichwa. Akasema tu, "Nitavirudisha vyote mimi mwenyewe. Samahani, mama. Sikutaka jina lako liguswe." Na kweli alivirudisha. Siku ile na iliyofuata alipanda na kushuka akiwa amekumbatia vitabu mpaka kidevuni, jasho likimtoka, na kila alichokileta Mama Rafu alikipokea bila kumtazama usoni, akakichomeka kwenye namba yake. Jumatano jioni ukuta ulikuwa mzima. Hakikukosekana hata kimoja.

"Sasa kama vimepatikana," mumewe aliuliza usiku huo, "mbona bado umevimba?"

Mama Rafu alijifunika shuka mpaka kichwani.

Alhamisi asubuhi palitokea jambo asilolitegemea. Hajafungua vizuri kaunta, kijana mmoja wa hali ya hewa akaja akiuliza kile kitabu chao kimekwenda wapi. Kitabu chenu kipi? Kile cha kujua na kudhani, kilichokuwa mwisho wa rafu ya mvua. Mama Rafu akamwambia aje mchana, leo kuna mgeni. Akaja mwingine wa sheria. Wakaja wauguzi wawili wameongozana. Wote aliwafukuza kwa heshima, roho mkononi, maana mkaguzi alikuwa ameshaingia getini na habari za vitabu kuzurura hazikutakiwa kumfikia.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye faili moja na viatu vya kutembelea. Alikagua kwa haki. Alichagua namba kwenye katalogi mwenyewe, akaenda kwenye rafu, akakuta kitabu. Akachagua nyingine, akakuta. Aliuliza kwa nini kitabu fulani kimekaa na fulani, Mama Rafu akamweleza habari ya vitabu vinavyobishana, na mkaguzi akacheka kicheko cha kweli.

"Dada yangu, nimekagua maktaba nyingi," alisema. "Mkusanyo kama huu ni wa kujivunia. Kila kitu mahali pake."

Daktari Kwa Nini, aliyesimama pembeni na koti lake, alitazama sakafu.

"Swali langu ni moja," aliendelea mkaguzi. "Nani anavisoma? Wanafunzi wa falsafa hapa ni wangapi?"

"Kumi na mmoja," alisema Daktari.

"Kwa ukuta wote huu?" Mkaguzi hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Vitabu vimetunzwa vizuri mpaka vinaonekana havijaguswa. Vitapata wasomaji zaidi huko vitakakokwenda. Sioni nitaandika nini kingine." Akaanza kufunga faili.

Mama Rafu aliwaona watu wake wote mbele ya macho, mjane kwenye mlango wa kile chumba, mzee wa meno na kikapu chake, na lori likirudi nyuma kusogelea mlango wa maktaba.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa msichana wa mifugo, mwenye buti za mpira na harufu ya zizi, katokea kwenye mafunzo moja kwa moja.

"Marahaba. Njoo mchana, mwanangu."

"Mchana nina mtihani. Samahani, kile kitabu cha jalada la kitambaa, kilichokuwa kwetu kwenye ng'ombe, mmekipeleka wapi? Nilikuwa sijakimaliza, na kila siku nakirudisha nilipokitoa kama mlivyoandika pale mezani. Leo hakipo."

Mkaguzi aligeuka. "Kitabu kipi hicho?"

Msichana aliangaza macho, akakiona ukutani, akakionyesha kwa kidole.

"Hiki ni cha falsafa," alisema mkaguzi. "Kwenye ng'ombe kilifuata nini?"

Mama Rafu alikuwa na jibu tayari kwenye ulimi. Kusema mwanafunzi alikosea rafu kungemtosha mkaguzi, msichana angeenda zake, na katika taarifa Mama Rafu angeandikwa kuwa mkutubi ambaye kila kitu chake kiko mahali pake. Sifa hiyo aliitafuta maisha yake yote ya kazi. Aliutazama ukuta. Akapiga moyo konde.

"Kilikuwa kimepotea," alisema. "Si hicho tu. Zaidi ya sitini vilikuwa nje ya mahali pake mpaka jana jioni. Vimekaa huko miaka, na mimi msimamizi sikujua. Hukukuta maktaba, mama, umekuta usafi wa wiki hii."

Daktari Kwa Nini alifungua mdomo. Mama Rafu alimnyooshea kiganja bila kugeuka, naye akaufunga.

"Lakini uliuliza nani anavisoma," aliendelea. "Huyu anasoma. Tangu nifungue nimewafukuza wa hali ya hewa, wa sheria na wauguzi, wote wanadai vitabu vyangu wakiviita vyao. Nimewafukuza ili usiwaone. Nadhani nimekosea."

Mkaguzi aliweka faili mezani. Alivuta kiti akamkalisha msichana na buti zake, akavuta kingine akakaa mwenyewe.

"Niambie, kitabu hicho unakipendea nini?"

"Sikipendi," alisema msichana. "Kinaniudhi sana. Muhula uliopita tulimuua ndama mgonjwa kwenye mafunzo. Mwalimu alitufundisha namna ya kumuua asiumie, na alitufundisha vizuri. Hakutufundisha kama tuna haki. Niliporudi kusoma magonjwa nikakikuta hicho kiko hapo hapo, kinauliza swali langu. Majibu yake siyakubali. Ila sijamaliza kubishana nacho."

Mkaguzi hakuandika kitu. Alimuuliza jingine, na jingine, na wauguzi waliporejea aliwaita nao. Saa ya kuondoka ilipita, dereva akaja kuchungulia mlangoni mara mbili, akarudi zake kukaa garini.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Mkaguzi aliandika yote aliyoyaona, kama alivyokuwa mtu wa haki. Mama Rafu alipata onyo kwa uzembe katika usimamizi, la kwanza tangu aajiriwe. Na falsafa ilibaki, shahada na ukuta wake, pamoja na pendekezo kwamba vitabu vinavyosomwa na fani nyingine vitafutiwe nakala ya pili ya kukaa huko huko. Mkutubi mkuu alimpa habari zote mbili kwa pumzi moja, hajui aanze kumpa pole au hongera. Mama Rafu alicheka mpaka akajifuta macho.

Alirudi ghorofa ya pili akamkuta Daktari Kwa Nini anamsubiri kwenye meza iliyo karibu na ukuta, amesimama, kofia mkononi.

"Onyo lile ni langu," alisema. "Nitakwenda kuwaambia."

"Huendi popote. Nimeshalipokea, limeshaisha." Alianza kupanga vitabu ambavyo havikuhitaji kupangwa. "Ila niambie kitu kimoja, kwa kuwa siku ile nilikufokea sikukupa nafasi. Umetoa wapi akili ya kufanya hivyo? Mtu msomi, mwenye ofisi yake. Ungeweza kuwatangazia tu."

Daktari aligeuza kofia mkononi.

"Mimi sikuja hapa kusoma falsafa, mama. Nilikuja kusoma upimaji wa ardhi. Baba alitaka mpimaji. Mwaka wa kwanza, siku moja nikitafuta kitabu cha ramani, nikakuta kitabu chembamba kimechomekwa kati ya ramani, kinauliza kama ardhi inaweza kweli kuwa ya mtu. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Nikakipeleka kaunta kuuliza kama vipo vingine. Pale kaunta palikuwa na dada mgeni wa kazi. Alipokiona alishtuka. Akaniambia ni yeye aliyekosea asubuhi ile, akaniomba sana nisimwambie mkubwa wake, atafukuzwa."

Mkono wa Mama Rafu ulisimama juu ya rafu. Alijaribu kuikumbuka sura ya kijana yule, hakuipata. Siku za mwanzo alikosea mara nyingi, na mara zote alilia.

"Sikumwambia mtu," alisema Daktari. "Nilirudi kesho yake nikakisoma tena. Mwaka uliofuata nikahama kitivo, na baba hakunisemesha mpaka nilipohitimu. Mke wangu nilimpatia darasani, kazi yangu ndiyo hii, maisha yangu yote yametoka kwenye rafu ile. Sasa miaka yote hii nimekuwa nikijaribu kukosea kama ulivyokosea wewe. Na sikuwahi kukuambia asante."

Mama Rafu aligeuka. Alitaka kusema neno la mzaha, ndilo lililokuwa likimtoka haraka siku zote, likakataa. Alivua miwani, na bila miwani Daktari alionekana kijana tu, mrefu, mwenye kitabu mkononi.

"Kaa, baba," alimwambia, akimvutia kiti. "Kaa unisimulie kilisema nini."